Manjano na seli za kinga: inatuliza kweli au ni kwenye kisahani cha maabara tu?

Swali: Hii inflamesheni inayosemwa kila siku si ni uvimbe tu?

Uvimbe ndo unaouona kwa nje. Ukijikata kisu jikoni kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba na kinauma, na hiyo ni kazi ya seli za kinga, hasa zile zinazoitwa makrofaji, yaani walinzi wanaokaa humohumo kwenye nyama za mwili, zikikutana na bakteria zinapiga yowe kwa kutoa kemikali kama TNF ili wenzao waje kusaidia. Hapo ni kitu kizuri kabisa, bila hivyo kidonda kidogo tu kingekuzika. Shida ni pale yowe lisipokoma, kama kwa mgonjwa wa baridi yabisi ambaye kinga yake inashambulia viungo vyake mwenyewe miaka na miaka.

Swali: Sasa manjano inaingiaje hapo?

Kuna kemikali ndani yake inaitwa kurkumini, ndo inayoleta ile rangi ambayo ikigusa kanga nyeupe basi tena. Ndani ya makrofaji kuna protini, NF-kappa B, ichukulie kama swichi, ikiwashwa inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kutengeneza TNF na kimeng'enya cha COX-2, ambacho ndo hichohicho kinachozuiwa na diklofenaki, ile dawa ya maumivu unayonunua duka la dawa. Kwenye maabara kurkumini inazuia swichi hiyo isiwake. Kwa hiyo wanaosema manjano inatuliza uvimbe hawajatunga, ila wanaishia katikati ya hadithi.

Swali: Wanapimaje huko maabara?

Wanakuza makrofaji za panya kwenye visahani vya plastiki, wanaziwekea LPS, ambayo ni kipande cha ganda la bakteria, seli zinapandwa na hasira na TNF inamwagika. Kisahani cha pili wanafanya hivyohivyo ila wanatanguliza maji ya mmea wanaoupima, iwe manjano, tangawizi au mwarobaini, halafu wanalinganisha. TNF ikipungua wanaandika kwamba mmea unatuliza.

Hapa kuna mtego. Seli iliyokufa nayo haitoi TNF! Mwagia Jiki kwenye kisahani, kelele zote zitakwisha, lakini hakuna atakayesema Jiki ni dawa ya viungo. Ndo maana utafiti makini lazima uonyeshe pia kwamba seli zilikuwa hai mpaka mwisho, na mimi nikisoma habari za mmea mpya hicho ndo kitu cha kwanza natafuta. Halafu kurkumini yenyewe ni msumbufu, inang'aa na inajishikiza kwenye protini ovyoovyo, kwa hiyo baadhi ya vipimo inavidanganya ionekane inafanya kazi kumbe wapi.

Swali: Kwa hiyo nikinywa kijiko kila asubuhi, magoti yatapoa?

Tupige hesabu. Kijiko cha chai cha unga ni kama gramu 3, kurkumini humo ni kama asilimia 3, unapata miligramu 90 hivi. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu, zaidi ya vijiko 20 hivyo, na kwenye damu karibu hawakuiona, kwa sababu utumbo hauiingizi vizuri na ini linaigeuza haraka sana. Walipochanganya na miligramu 20 za piperini, ile inayofanya pilipili manga iwashe, ikapanda mara 20, ila mara 20 ya karibu sifuri bado ni kidogo. Kwenye kisahani seli inaogelea ndani ya dawa, kwako inabidi ipite tumbo, utumbo na ini kwanza.

Kwa maumivu ya magoti ya uzee yapo majaribio madogo ambapo vidonge vya kurkumini vilileta nafuu kiasi. Vidonge, siyo chai. Kwa baridi yabisi usithubutu kuacha methotrexate, dawa ya hospitali ya kutuliza kinga, ukabaki na manjano, viungo vikishaharibika havirudi.

Swali: Lakini si ni kiungo cha mboga, madhara yatoke wapi?

Kwenye mchuzi na pilau kula bila wasiwasi. Vidonge vilivyokolezwa ni habari nyingine: kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au una mawe kwenye nyongo ongea na daktari kwanza. Pia wapo watu Italia na Marekani walioumia ini kwa vidonge hivi, tena vingine vimewekwa pilipili manga makusudi ili vifyonzwe zaidi. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na macho yamegeuka manjano, acha vidonge uende hospitali siku hiyohiyo, usijidanganye kwamba ni rangi ya ulichokunywa.