Je, wajua kwa nini wengi wakinywa pombe wanaruka ARV makusudi kabisa?

Ukiuliza pombe inaharibuje dozi ya ARV jibu linalokuja haraka ni kwamba mtu akishalewa anasahau kumeza, basi imeisha hiyo. Na kusahau kweli kupo, alamu ya simu inalia unaizima ukisema ngoja nimalizie hii, ukija kushtuka ni asubuhi na kichwa kinagonga. Ila kuna kundi lingine kubwa ambalo halijasahau kitu. Huyu anajua saa ya dawa imefika, kidonge anacho mfukoni, na anaamua mwenyewe hamezi, kisa kanywa pombe, na alishaambiwa au alisikia mahali kwamba ARV na pombe vikikutana mwilini vinageuka sumu.

Yaani anaruka dawa ili ajilinde! Siyo mzembe huyu, kwa akili yake anatunza ini.

Hii tabia imefuatiliwa na watafiti, mmoja wao ni Seth Kalichman wa Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani, na walichokikuta ni kwamba wenye imani hii ya sumu wanakosa dozi zaidi ya wasiokuwa nayo, tena wengine hawaruki ile saa ya kunywa tu, wanasubiri mpaka waone pombe yote imetoka mwilini ndo warudi kwenye dawa. Hebu piga hesabu mwenyewe. Mtu dawa yake ni saa 3 usiku, ijumaa kanywa karuka, jumamosi kaendelea karuka, jumapili hajanywa ila anahisi bado imo, karuka pia. Kwa wikiendi 4 hizo ni dozi 12 kwa mwezi, na hakusahau hata moja.

Sasa je, ni sumu kweli? Mseto wa ARV unaotumika zaidi duniani kwa sasa ni ule wa kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Pombe inavunjwa na ini kwa kimeng'enya (enzyme) chake maalum. Tenofovir na lamivudine kwa sehemu kubwa zinatoka kupitia figo, dolutegravir inapita kwenye ini ndiyo lakini kwa njia nyingine, kwa hiyo hapo hakuna kugombania mlango. ARV inayokutana na pombe uso kwa uso ni abacavir, yenyewe na pombe zinatumia kimeng'enya kimoja, na ukinywa pombe kiwango cha abacavir kwenye damu kinaweza kupanda kwa asilimia 40 hivi, lakini hata hapo wataalam hawajaona haja ya kubadili dozi. Na hii wengi hawaijui kabisa: ARV ya maji ya lopinavir na ritonavir ina alkoholi ndani yake, asilimia 42 kwa ujazo, imewekwa na watengenezaji wenyewe ili dawa iyeyuke. (Hiyo siyo ruhusa ya kunywa jamani, nasema tu.)

Hofu yenyewe lakini haikutoka hewani. Zamani kulikuwa na ARV iitwayo didanosine, ile ilikuwa inaweza kuvimbisha kongosho na pombe ilikuwa inaongeza hatari, haikuwa hadithi. Efavirenz nayo ilikuwa na kizunguzungu na ndoto za ajabu ajabu, ukiongeza pombe juu yake unajua mwenyewe usiku utakuwaje. Halafu kuna isoniazid ya kuzuia TB, wanaoishi na VVU wengi wanapewa, na hii kweli na pombe nyingi haviendani, ini linaweza kuumia vibaya. Mtu anayemeza vyote kwa pamoja hawezi kujua onyo lilikuwa la kidonge kipi, anabeba jumla tu kwamba dawa zangu hazitaki pombe.

Na lugha yetu nayo inachangia, hili nimelifikiria sana. Sisi dawa tunakunywa na pombe tunakunywa. Mtoa huduma akisema "usinywe dawa na pombe" yeye ana maana acha pombe, mgonjwa anasikia chagua kimoja. Jumatatu mpaka alhamisi anachagua dawa, ijumaa anachagua pombe, na moyoni anaona kabisa ametii masharti.

Turudi kwenye ile wikiendi. Dolutegravir kwenye damu inapungua nusu kila baada ya saa 14 hivi. Kutoka dozi ya alhamisi usiku hadi ya jumatatu usiku ni saa 96, maana yake imekatwa nusu karibu mara 7, kilichobaki hakifiki hata asilimia 1. Kirusi kisipozuiwa kinajizalisha kwa mabilioni kwa siku na kinajinakili kwa makosa makosa, na katika hayo makosa ndo linaweza kutokea toleo ambalo dawa hailiwezi. Dolutegravir ni ngumu kupata usugu, hiyo ni sifa yake, lakini lamivudine badiliko moja tu la kirusi linatosha kuilegeza. Na hata usugu usipotokea, wingi wa virusi ukipanda ile hali ya kutomwambukiza mwenza kwa sababu virusi havionekani kwenye kipimo inakuwa haipo tena.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tenofovir na lamivudine zinazuia pia kirusi cha homa ya ini B. Kwa mtu mwenye vyote viwili, kuzikatisha kunaweza kuamsha ile homa ikaja na nguvu, likaumia ini lilelile ambalo aliruka dawa ili alitunze.

Kwa hiyo ukinywa au usiponywa, kidonge cha ARV meza saa yake. Kama jioni zako ndo za pombe, ongea na mtoa huduma muda uhamie asubuhi, kwa dolutegravir hilo halina shida. Umechelewa ukakumbuka, meza, ila usije ukameza viwili kwa mpigo kufidia. Kwenye isoniazid usijiamulie, sema ukweli unakunywa kiasi gani wakuelekeze.

Pombe yenyewe siyo kwamba naisafisha, ukinywa nyingi inachosha ini, na ukitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge kinaweza kutoka nacho. Kuna na mtego wa asubuhi ambao karibu hakuna anayeuzungumzia, ule wa dawa za kiungulia. Mtu kaamka na hangova, tumbo linawaka, anakunywa dawa ya kiungulia yenye magnesium au aluminium pamoja na ARV yake. Hizo madini zinaikamata dolutegravir tumboni isiingie kwenye damu inavyotakiwa, ndo maana inashauriwa dolutegravir imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Aliyekuwa anaogopa bia kumbe kinachomwangusha ni dawa ya kiungulia.

Na haya yote kliniki hawawezi kuyajua usiposema. Ukiulizwa umekosa dozi ngapi ukajibu "hata moja" kwa kuogopa kufokewa, kipimo cha wingi wa virusi kikirudi juu daktari anaanza kufikiria dawa imeshindwa, unaweza kuishia kubadilishiwa mseto uende kwenye vidonge vingi zaidi vya kumeza, na ijumaa ikifika unaviruka vilevile.