Nakala Rudufu Zinapokwenda Polepole: Pima Kasi Kabla ya Kununua Diski Nyingine

Kompyuta ikimwambia mtu kwamba nakala rudufu (backup) itamalizika baada ya saa 14, mara nyingi huchomoa diski ya nje akaenda zake, na mara ya pili hajaribu tena. Hapo ndipo data hupotelea. Nakala iliyokesha usiku kucha haijamdhuru mtu, lakini nakala iliyoachwa katikati ni sawa na nakala isiyokuwapo. Ndiyo maana sisi tunaohudumia kompyuta tunapoletewa malalamiko ya kasi ndogo tunayapa uzito uleule wa diski iliyokufa, na tunaomba nawe ufanye hivyo.

Anza kwa kupima. Chukua faili moja kubwa, kwa mfano video ya gigabaiti 4 au 5, uinakili kwenye diski ya nje huku ukitazama kasi. Diski ya nje ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, ikiwa nzima na imechomekwa panapostahili huandika faili kubwa kwa takriban megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde. Inapokaribia kujaa hushuka, pengine hadi karibu nusu, kwa kuwa njia za ndani za sahani ni fupi kuliko za nje. Huko si kuharibika. Kwenye Windows, Task Manager, dirisha linaloonyesha shughuli za kompyuta, inakuonyesha kila diski peke yake. Ukiona diski ya ndani imebanwa kwa asilimia 100 na ya nje haina shughuli, basi tatizo liko ndani ya kompyuta, na kununua diski mpya ya nje hakutakusaidia chochote.

Kasi ikigota kwenye megabaiti 30 hadi 40 bila kupanda, karibu kila mara chanzo ni USB 2.0, kiwango cha zamani cha kuunganisha vifaa. Kiwango hicho cha mwaka 2000 kina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8 upate megabaiti 60, kisha toa sehemu inayoliwa na mawasiliano yenyewe. USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, ina kikomo cha megabiti 5,000. Kwa mwenye terabaiti moja ya data tofauti hiyo ni kubwa: kwa megabaiti 35 kwa sekunde kazi inachukua karibu saa 8, na kwa megabaiti 120 inachukua saa mbili na dakika 20 hivi.

Diski yenyewe inaweza kuwa ya USB 3.0 na bado ikaenda kwa mwendo wa USB 2.0, na mkosaji wa kwanza wa kumshuku ni waya. Nyaya nyingi za USB-C zinazouzwa pamoja na chaja za simu hupitisha data kwa kiwango cha USB 2.0 peke yake, ingawa kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyingine. Zipo pia diski zenye tundu pana lililogawanyika sehemu mbili. Waya mwembamba wa simu za zamani huingia katika sehemu moja ya tundu hilo na diski ikawaka vizuri kabisa, ila kwa kasi ya zamani. Tumia waya uliokuja na diski, usukume plagi hadi mwisho, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha matundu (hub). Watengenezaji wengi, ingawa si wote, huweka plastiki ya bluu ndani ya matundu ya USB 3.0. Mwenye Linux aandike amri lsusb -t kwenye dirisha la amri: akiona 480M mbele ya diski yake, jibu amelipata. Umeme nao uangaliwe, kwa sababu tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900. Diski isiyopata umeme wa kutosha hukatika na kuanza upya katikati ya kazi.

Sasa tuseme faili kubwa imenakiliwa vizuri, lakini nakala rudufu bado inakokota. Hapa wengi huilaumu diski bila kosa. Kila faili, hata iwe ndogo namna gani, lazima ifunguliwe, iandikiwe jina, tarehe na ruhusa zake, kisha ifungwe, na kichwa cha kusomea kinahama huku na huku juu ya sahani. Kuhama mara moja huchukua milisekunde 10 au zaidi. Ukiwa na faili 200,000, na kila moja ikidai kuhama mara tatu, umetumia zaidi ya saa moja na nusu kwa kuhama peke yake. Dawa ni kupunguza mzigo usio na faida. Toa katika orodha folda za muda za kivinjari, pipa la taka, na chochote kinachoweza kupakuliwa upya. Tena usiihukumu programu kwa nakala ya kwanza, kwani hiyo hubeba kila kitu. Programu nzuri baadaye huchukua vilivyobadilika tu. Kwenye Mac, Time Machine, programu yake ya nakala rudufu, imewekwa kwa makusudi ifanye kazi taratibu isikusumbue. Kwa nakala ya kwanza, anayeimudu Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, anaweza kuondoa breki hiyo kwa amri sudo sysctl debug.lowpri_throttle_enabled=0, nayo hurudi yenyewe kompyuta ikizimwa na kuwashwa.

Kuna dalili nyingine inayowatisha watu bure: kasi inaanza juu, kisha baada ya makumi ya gigabaiti inaporomoka. Diski nyingi ndogo za kubebeka huandika njia za data zikilaliana kama vigae vya paa, ili nafasi itoshe. Kubadilisha njia moja hulazimu kuziandika upya zilizoilalia. Diski huficha usumbufu huo kwa kupokea data kwanza katika eneo la akiba, na eneo hilo likijaa, mwendo unakwisha. Igawe nakala ya kwanza katika sehemu, na kila sehemu ikiisha iache diski imechomekwa ili ipange mambo yake. Kwa maoni yetu, diski ya aina hii inafaa kwa nakala rudufu mradi isijazwe hadi ukingoni.

Antivirusi inayokagua kila faili inayosomwa nayo hupunguza kasi, na vilevile faili ambazo jina lake tu liko kwenye kompyuta ilhali mwili wake umehifadhiwa mtandaoni. Hizo lazima zishuke kwa intaneti kwanza. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, diski za nje huwekwa katika hali inayoruhusu kuchomolewa kwa haraka, na kubadili hali hiyo huongeza kasi kiasi. Hatushauri, isipokuwa kwa mtu ambaye hasahau kamwe kuiondoa diski kwa utaratibu.

Lakini ikiwa diski iliyokuwa ikimaliza kazi kwa saa moja sasa inachukua saa sita, bila mabadiliko ya waya wala ya data, ishuku. Ishuku zaidi ikisimama na kuendelea, ikigonga-gonga, au ikikwama kwenye faili ileile kila mara. Soma ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu kama CrystalDiskInfo au smartctl, na uangalie vipengele namba 5, 197 na 198. Thamani zake ghafi zikiwa juu ya sifuri na zikiendelea kupanda, diski inapoteza sehemu zake. Kwenye Windows, Event Viewer, yaani daftari la matukio ya mfumo, ikionyesha matukio namba 7 au 153 yanayojirudia, maana yake inakaribiana na hiyo. Kagua diski zote mbili, maana inayokufa inaweza kuwa ile ya ndani unayoisoma.

Ikiwa ni ya ndani, nakili kwanza kwa mkono vitu visivyopatikana popote pengine: picha, tasnifu, hesabu, barua. Usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa kuwa hupekua diski nzima na huweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Ikiwa ni ya nje, tafuta nyingine, anza nakala mpya kabisa, na ile ya zamani usiifute mpaka umefungua faili kadhaa kutoka kwenye mpya na kuona zinasomeka.