Anayesitasita si kigeugeu

Juzi kikaoni mwenzetu mmoja aliomba siku mbili kabla ya kujibu kama angepokea jukumu alilopewa. Hakuwa amesema ndiyo, wala hakuwa amesema hapana. Hata hajaketi, mtu akamrukia: "Wewe kigeugeu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara linamwonea mtu.

Kusitasita ni kushindwa kukata shauri ilhali njia zi wazi mbele yako na wakati wa kuchagua umefika. Maana yake ni hiyo tu. Tabu iko kwa majirani wa neno hili.

Kusita ni kusimama kidogo: mguu umeinuka, haujakanyaga. Kila mtu husita, na mara nyingi ni busara. Lakini Kiswahili kikikirudufu kitenzi, jambo huwa la kujirudiarudia. Kulialia si kulia, na kuchekacheka si kucheka. Mtazame mtu anayejibu ujumbe wa kupewa kazi mbali na kwao. Anaandika "Nimekubali", anafuta. Anaandika "Samahani, sitaweza", anafuta. Anailaza simu kifudifudi mezani, anakwenda kunywa maji, anarudi na kuisoma upya barua ileile ambayo haijaongezeka hata nukta. Huko ndiko kusitasita. Anayetafakari hupata jambo jipya la kupima. Huyu anapima yaleyale.

Sasa liangalie neno kuamua. Watu wawili wakipigana, wa tatu huingia kati akawaamua, yaani akawatenganisha. Ndiyo maana anayepuliza filimbi uwanjani tunamwita mwamuzi. Maana hiyo naipenda sana, kwa kuwa inaonyesha kilichomo kifuani mwa anayesitasita: wawili wameshikana, kila mmoja ana hoja ya kweli, na mwamuzi hajafika. Kukata shauri nako ni vivyo hivyo. Shauri lilitoka kwenye Kiarabu, nalo ni ndugu wa ushauri na mashauriano. Kulikata ni kufika mahali ambapo maneno yanakoma. Asiyelikata hakupungukiwa mawazo. Anayo tele, na kumwongezea ushauri mara nyingi ni kumwongezea mzigo.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Alifika njia panda, harufu ya nyama ikamjia kutoka pande zote mbili, akataka kuzifuata zote kwa pamoja. Si kwamba aliishika moja, akafika katikati, kisha akarudi kuifuata ya pili. Angefanya hivyo, tungekuwa na methali nyingine.

Na hapo ndipo kigeugeu alipo. Neno limetokana na kugeuka, na hugeuki kama hukuwa umeelekea popote. Kigeugeu ameshaamua, pengine mara tatu. Jana alisema ndiyo, watu wakapanga mambo yao juu ya ndiyo hiyo, leo amewapa mgongo. Yeye huvunja neno lake. Anayesitasita bado hajalitoa. Anaweza kukuchosha, tena sana, lakini hajakudanganya.

Yupo pia anayeghairi: aliamua, akaona jambo ambalo hakuliona mwanzo, akabadili mara moja na kueleza kwa nini. Huyo naye siku hizi huitwa kigeugeu, na linaniuma zaidi, kwa sababu watu wanaanza kung'ang'ania makosa yao kwa kuliogopa jina hilo.

Mwenzetu wa kikaoni alirudi siku ya pili kama alivyoahidi, akasema hapana, na hapana yake ingali palepale. Kwa hiyo hata kusitasita tusimsingizie. Alisimama mara moja, akataja siku ya kujibu, akajibu. Alikuwa amesita.