Sikiliza Injini Inavyozima: Ni Mafuta au Ni Moto?

Injini ya boti ya kupachika ya zamani ikigoma, mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Si ajabu. Kabureta iko wazi, inanuka petroli, na ina skrubu za kuchokoza. Koili, kondensa na pointi, vile vifaa vya kutengeneza cheche, zimejificha chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na flaiwili haitoki kwa bisibisi. Ndiyo maana kabureta nyingi ninazoletewa zimeshafunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zimeliwa vichwa, na ugonjwa wala haukuwa humo.

Mimi kabla ya kushika spana huuliza kwanza: ilizima vipi?

Injini iliyokosa moto, yaani cheche ya kuwashia petroli, huzima ghafla, kama taa iliyobonyezwa swichi. Hakuna kukohoa. Iliyokosa mafuta huaga kwanza: nguvu zinapungua, inakatakata, mara nyingine mlio unapanda kidogo kwa sababu hewa imezidi petroli, kisha ndiyo inazima. Ukivuta choki, ile inayopunguza hewa ya kabureta, katika dakika hiyo nayo ikachangamka, jibu umeshalipata: petroli haifiki ya kutosha. Iliyozidiwa na mafuta nayo ina dalili zake: moshi mzito, mlio wa kuruka pigo moja ndani ya mawili, na plagi inatoka nyeusi, imelowa.

Kuna aina ya nne, na hiyo ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Inawaka vizuri ikiwa baridi, inakwenda, inapata joto, inazima. Unavuta kamba mpaka bega linauma, haitaki. Unakaa, inapoa, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara nyingi hiyo ni koili au kondensa inayoshindwa ikipata joto. Kabla ya kuhukumu, kama injini yako ina pampu ya mafuta, legeza kwanza kifuniko cha tangi, maana tangi lisilopumua huiga dalili hizo hizo. Kama kifuniko hakikusaidia, iache kabureta ilivyo, na upime cheche papo hapo injini ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe, ushahidi umeondoka.

Kompresheni, yaani nguvu ya silinda kugandamiza hewa, ipime mapema, lakini isikupotezee siku. Kwenye injini ya silinda mbili, namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi takriban asilimia kumi na tano, kuna kazi nyingine kubwa ya ringi au gasketi inayokusubiri, na kusafisha kabureta hakutaiondoa.

Sasa cheche. Watu wengi hufungua plagi, huigusisha kwenye chuma cha injini, huvuta kamba, wakiona kijimoto husema “moto upo.” Haitoshi. Hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda ni ngumu zaidi kwa umeme kuiruka kuliko hewa ya nje, kwa hiyo koili dhaifu itakudanganya mezani na kukuangusha majini. Tumia kipimo chenye mwanya wa takriban milimita 6. Cheche ya bluu inayolia inaporuka mwanya huo ni cheche. Ya njano, nyembamba, inayokuja na kupotea, si cheche. Pimia mbali na matundu ya plagi, kwa sababu kila ukivuta kamba injini hutema mvuke wa petroli hapo. Na usiache waya wa plagi ukining’inia bure: umeme ukikosa njia utajitafutia njia ndani ya koili yenyewe, na hapo umetengeneza ugonjwa mpya.

Kama cheche haipo kabisa, anza na kitu rahisi. Injini yako ikiwa na kitufe cha kuzimia, chomoa waya wake halafu pima tena. Waya mmoja uliochunika unaogusa chuma unatosha kuua moto wote. Kama bado hakuna kitu, ni lazima flaiwili itoke.

Hapa ndipo injini nzuri huharibiwa. Tumia pula, kifaa cha kuvutia flaiwili, inayofungwa kwa boliti kwenye matundu ya katikati ya flaiwili. Pula ya kucha inayoshika ukingo wa nje hupinda flaiwili, na nyundo kwenye ncha ya shafti sitaki hata kuizungumzia. Ikitoka, angalia kii, kile kipande kidogo cha chuma kinacholala kwenye mfereji wa shafti. Kikikatika hata nusu, flaiwili huhama, na cheche nzuri kabisa inakuja wakati usio wake: kamba inakurudishia mkono, kabureta inatema moto mdomoni. Wakati wa kurudisha, koni ya shafti na ya flaiwili ziwe safi na kavu bila tone la grisi, kisha nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Nati iliyolegea ndiyo inayokata kii.

Magneto ya zamani, mtambo huu wa kuzalisha cheche, ni jambo jepesi ukilielewa. Sumaku za flaiwili zinapita mbele ya koili, umeme unazunguka kwenye waya wa kwanza wa koili ukipitia pointi zilizofunga. Pointi zinafunguka, mzunguko unakatika ghafla, na waya wa pili wenye mizunguko mingi unazalisha maelfu ya volti. Kazi ya kondensa ni kuufanya mkato huo uwe mkali na kuzuia pointi zisiungue. Basi mwanya wa pointi hauamui tu kama kuna moto, unaamua pia moto unakuja lini: mwanya ukiwa mkubwa pointi hufunguka mapema, ukiwa mdogo huchelewa. Kwenye injini nyingi za Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 kipimo ni inchi 0.020, yaani nusu milimita. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, pale kemu, uvimbe wa kwenye shafti, ilipoinua pointi mpaka mwisho.

Injini iliyolala miaka mingi huwa na pointi zinazoonekana safi kumbe zina utando usiopitisha umeme. Zisugue kidogo tu kwa tupa laini, kisha vuta katikati yake kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti mpaka kitoke cheupe. Hatua ya karatasi usiiruke. Chembe moja ya msasa ikibaki, pointi hazigusani. Ukikuta oili juu ya pointi, zisafishe lakini utafute ilikotoka, pengine sili ya juu ya shafti imechoka.

Koili nyingi za miaka hiyo zimepasuka ganda kwa joto na uzee. Ipime gizani, utaona cheche ikitoroka kupitia ufa. Wapo wanaoziba kwa gundi. Mimi hubadilisha, na kondensa nayo hubadilisha hapo hapo, maana flaiwili imeshatoka.

Tukirudi kwenye mafuta. Moto upo, injini haiwaki: vuta mara chache ukiwa na choki, fungua plagi. Kavu maana yake petroli haifiki. Anzia tangini, si kwenye kabureta. Johnson na Evinrude nyingi za miaka ya 1950 hazina pampu ya mafuta. Mpira wao una njia mbili, moja hupeleka hewa ya shinikizo tangini na nyingine huleta petroli, na kifuniko cha tangi hilo ni lazima kizibe kabisa. Injini za baadaye zenye pampu ni kinyume chake, kifuniko ni lazima kipumue. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa sababu tangi la aina moja limefungwa kwenye injini ya aina nyingine.

Kwenye injini yenye pampu, ikianza kufifia, minya kipira cha mafuta, kile kilichoko kwenye mpira wa kutoka tangini. Ikifufuka kila ukiminya, pampu imechoka au mpira unavuta hewa mahali fulani. Weka kipande cha mpira mwangavu uone mapovu.

Kabureta sasa ndiyo ina haki ya kufunguliwa. Petroli iliyokauka huacha gundi kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli, nayo hutolewa kwa dawa na hewa, si kwa kekee. Floti, vile vielea vya ndani ya kabureta, za koki (gome jepesi la mti) zilipakwa shelaki, aina ya vanishi, na ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za leo huila. Koki inakunywa mafuta, inazama, kabureta inafurika. Sindano za kurekebishia zifunge kwa vidole tu mpaka zikae, zirudishe mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kisha urekebishe injini ikiwa inafanya kazi majini. Ukiwa na shaka, ongeza mafuta kidogo. Injini hizi hupata oili ndani ya petroli, kwa hiyo kuipunja petroli ni kuinyima oili, na pistoni huungua.

Uwiano wa oili fuata wa injini, si wa chupa. Chupa itasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1. Nyingi za miaka ya 1950 zinataka 24 kwa 1, na injini za Seagull za zamani zinataka 10 kwa 1.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye pipa la maji au botini, kwa muda wa kutosha injini ipate joto kamili, maana kondensa mbovu haijitokezi kwa dakika mbili. Usiiwashe pakavu hata kidogo: impela, feni ya mpira ya pampu ya maji, hulainishwa na maji hayo hayo, na bila maji huungua haraka.