Kuhifadhi bandama ni nini?

Bandama, ambalo wengine huliita wengu, limejificha juu upande wa kushoto, chini ya mbavu, nyuma ya mfuko wa chakula. La mtu mzima huwa na uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi. Zamani mgonjwa akifikishwa hospitali bandama limepasuka, kwa ajali ya barabarani au kwa kuanguka mtini, madaktari wa upasuaji walilitoa lote bila kusita. Walikuwa na sababu. Bandama ni laini, limejaa damu, na uzi ukivutwa vibaya linachanika zaidi. Na mtu huishi bila bandama.

Huishi, lakini si kama zamani. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Harold King na Harris Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu, kisha wakapatwa na maambukizi mazito. Tangu hapo swali likabadilika. Zaidi ya kuuliza damu itakomeshwaje, daktari akaanza kujiuliza pia: kiasi gani cha bandama kinaweza kubaki? Kuhifadhi bandama ndiko huko: kuliacha lilivyo, kulishona, au kukata sehemu iliyoharibika na kubakiza ile isiyoharibika, ili mgonjwa asipoteze kinga yake.

Kinga gani hiyo, wakati mwili una ini, tezi na chembe nyeupe za damu? Wapo bakteria waliojifunika gamba telezi la sukari: wa nimonia, wa homa ya uti wa mgongo, na wale waitwao Hib (kwa kirefu Haemophilus influenzae aina b). Gamba hilo huwafanya wawaponyoke walinzi wa kawaida mpaka kwanza wabandikwe kingamwili, yaani protini za mwili zinazowatia alama wadudu. Bandama hufanya kazi zote mbili, kuwabandika na kuwanasa. Lina chembe maalumu zinazotengeneza haraka kingamwili za kubandika juu ya gamba, na lina njia nyembamba ambamo damu hutoka kwenye mishipa, ikapita polepole kati ya chembe zinazomeza wadudu, kisha ikajipenyeza kurudi mshipani. Hapo ndipo chembe nyekundu zilizozeeka hukwama, na zile zilizobeba vimelea vya malaria pia. Ndiyo maana kwetu, penye malaria, asiye na bandama ana jambo la pili la kuogopa.

Bandama likikosekana, homa inayoanza mchana kama mafua inaweza kumwangusha mtu kabla ya alfajiri. Hali hiyo haitokei mara nyingi, lakini ikitokea inaweza kuua hata nusu ya wanaoipata. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo na katika miaka michache ya kwanza baada ya upasuaji, ila haiishi kabisa.

Sasa, kipande chochote kikibaki kinatosha? Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kinachofanya bandama lilinde mwili ni damu inayopita ndani yake, kwa hiyo kipande kinachobaki lazima kiwe na mshipa wake kinaolishwa nao. Bahati njema ni kwamba mshipa mkuu wa bandama hugawanyika matawi kabla ya kuingia, na kila tawi hulisha eneo lake. Daktari anaweza kufunga tawi la sehemu iliyopasuka na kuacha mengine. Kwa kawaida hulengwa kubakiza angalau robo hadi theluthi. Wapo pia waliojaribu kukata vipande vya bandama na kuvishonea kwenye utando wa mafuta unaofunika matumbo. Vipande hivyo huota na kuanza kuchuja chembe kuukuu, lakini si vya kutegemewa kwa ulinzi dhidi ya maambukizi. Tishu ipo, mkondo wa damu si ule.

Mara nyingi, hata hivyo, kuhifadhi kuzuri kuliko kote ni kutopasua kabisa. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha, mwaka 1968, kwamba mtoto ambaye mapigo na shinikizo la damu vimetulia anaweza kulazwa, akaangaliwa kwa karibu, na bandama likapona lenyewe. Siku hizi njia hiyo hutumika kwa watu wazima pia, na penye vifaa mshipa unaovuja huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa. Lakini mgonjwa anayepoteza damu na shinikizo linashuka asicheleweshwe kwa ajili ya kuokoa kipande. Huyo atolewe bandama lote, na ni sahihi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa bandama aombe iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa: limetolewa lote, au limebaki kiasi gani? Kama limetolewa lote, anahitaji chanjo dhidi ya bakteria wale watatu. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, chanjo hutangulia kwa wiki mbili au zaidi. Ukiwa wa dharura, kwa kawaida hufuata baada ya wiki mbili hivi. Na homa yoyote, hata ya usiku wa manane, aende hospitali saa hiyo hiyo na kusema mlangoni kwamba hana bandama.