Kikorogeo cha hamira cha kujitengenezea: yasemwayo na yaliyo kweli

Feni kuukuu ya kompyuta ndani ya sanduku, sumaku mbili juu ya kitovu chake, chupa ya maji ya kimea juu ya kifuniko, na ndani ya chupa kijiti cha sumaku kinachozunguka kwa kuzifuata zile za chini. Kikorogeo cha kukuzia hamira ya bia hakina zaidi ya hayo, na sehemu zake nyingi utazikuta kwa mafundi wa kompyuta na redio wa Malindi mjini. Ugumu uko kwenye maneno ya watu.

"Kila bia inahitaji kikorogeo"

Hamira kavu ya pakiti haikihitaji. Imekaushwa ikiwa na akiba yake ya chakula, na pakiti ya gramu 11 inatosha lita 20 za bia ya kawaida. Iloweshe katika maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 au 35, kiasi cha mara kumi ya uzito wake, ngoja dakika 15, kisha mimina. Kikorogeo ni cha hamira ya maji, au ile iliyovunwa kutoka chini ya ndoo ya bia iliyopita, ambayo ni chache au imechoka na inabidi izaliane kwanza. Mgema hata hilo halimhusu: tembo lake huanza kuchachuka lingali kwenye kibuyu juu ya mnazi, kwa hamira ya porini.

"Sumaku yoyote itafaa, mradi inavuta"

Vikorogeo vingi hufa hapa. Kijiti kina ncha mbili, kaskazini na kusini, kwa hiyo chini yake panatakiwa sumaku mbili zilizogeuziana: moja iangalie juu kwa kaskazini, ya pili kwa kusini. Ukizipanga zote upande mmoja, ncha moja ya kijiti itavutwa na nyingine itasukumwa, nacho kitakuwa kinarukaruka. Sumaku bora za bure zimo ndani ya diski kuu ya kompyuta iliyoharibika. Kwa kijiti cha milimita 25, acha kama milimita 20 kati ya vitovu vya sumaku hizo.

Usikimbilie gundi. Bandika kwanza washa pana ya chuma (kile kibati cha duara chenye tundu katikati) juu ya kitovu cha feni, halafu ziache sumaku ziishike zenyewe. Washa feni. Ikitetemeka, izime, sogeza sumaku moja kidogo, ujaribu tena, mpaka sanduku litulie. Hapo ndipo unapaka gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili. Washa hiyo ina kazi ya pili. Ndani ya feni mna kihisi kinachosoma sumaku za mota, na sumaku kali zikikikaribia sana feni hugoma au huzunguka kwa kukwamakwama. Chuma kilicho katikati hupunguza bughudha hiyo. Isipotosha, inua sumaku kwa kifuniko cha plastiki cha chupa ya soda.

Kutoka uso wa sumaku hadi kijiti pasizidi milimita 10, ukihesabu nafasi ya hewa, unene wa kifuniko na kitako cha chupa. Kifuniko kiwe plastiki ngumu, kioo au mbao nyembamba ya milimita 3. Kopo la biskuti linapendeza macho lakini bati ni chuma, nalo litameza nguvu ya sumaku kabla haijafika juu. Alumini hainaswi na sumaku, ila inayumbisha mzunguko kwa kuuvuta nyuma.

Chumvi ya bahari nayo ina lake. Sumaku za diski zimepakwa nikeli, na mahali nikeli ilipochubuka sumaku hufura na kumeguka. Zipake gundi au vanishi pande zote.

"Spidi hupunguzwa kwa kitufe cha sauti cha redio"

Kitufe hicho kwa kawaida kina ukinzani wa omu 10,000, na feni ya volti 12 inayokula ampea 0.2 ni sawa na mzigo wa omu 60 tu. Utazungusha weee, feni imelala, mpaka mwisho kabisa inapoamka ghafla. Kwenye kipande hicho kidogo cha kaboni ndipo umeme wote unapopita, na kitaungua.

Tumia LM317, chipu ya bei ndogo ya kurekebisha volti ambayo mafundi wa redio wanaijua. Rezista ya omu 240 iende kati ya mguu wa kutokea umeme na mguu wa kurekebishia. Kutoka mguu wa kurekebishia kwenda hasi, fuatanisha rezista ya omu 560 na ya kuzungusha ya omu 1,000. Utapata kuanzia volti 4.2 hadi 9.4 hivi, ambayo ndiyo sehemu unayoihitaji. Adapta iwe ya volti 12. Chipu hii hujilia karibu volti mbili. Ukitazama maandishi yake, mguu wa kushoto ni wa kurekebishia, wa kati ni wa kutokea, wa kulia ni wa kuingilia. Ifungie kipande cha alumini, maana inapata moto. Kwenye feni, waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Kama kuna wa tatu, huo ni wa kupimia spidi, uache.

Feni nyingi haziamki chini ya volti tano au sita. Anzia juu, kisha shusha. Na stima ikikatika usiku ikarudi, usidhani imeendelea yenyewe. Kagua. Hamira iliyotuama haijafa. Tikisa chupa, washa upya.

"Kimbunga kikubwa ndiyo hewa nyingi"

Kazi ya kukoroga ni kuitoa gesi ya kaboni, kuingiza hewa kidogo kidogo, na kuizuia hamira isilale chini. Kibonyeo kidogo usoni pa maji kinatosha, kama kile unachokiona ukikoroga sukari kwenye kikombe. Ukiongeza spidi kijiti kitachomoka kwenye sumaku na kuanza kugonga kioo, ka-ka-ka, huku povu likipanda shingoni. Kikichomoka hata kwa spidi ndogo, tazama kitako cha chupa: kikiwa kimeinuka katikati, kijiti hakina pa kutulia.

"Maji ya sukari yanatosha"

Sukari ya dukani haina naitrojeni wala madini ambayo hamira hujengea miili mipya, na hamira iliyolelewa kwa sukari tupu hufika kwenye bia ikiwa dhaifu, haijazoea sukari ya kimea. Pima gramu 100 za unga wa kimea (dondoo iliyokaushwa, si nafaka iliyosagwa) kwa kila lita 1 ya maji ya kukuzia hamira, upate uzito wa karibu mara 1.037 ya ule wa maji matupu. Chemsha dakika 15 kwenye sufuria, kijiti kikiwa humo humo. Chupa ya lita 2 itie lita 1 na nusu, isizidi, la sivyo meza italowa.

Usiichemshe chupa kwenye jiko la gesi kama huna hakika ni kioo cha maabara. Wala usiweke chupa ya moto juu ya kikorogeo: sumaku za diski huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na gundi hulegea mapema kuliko hapo.

"Ziba chupa kabisa, uchafu usiingie"

Ukiziba, umeifuta faida ya kukoroga. Funika kwa karatasi ya foili iliyopanguswa spiriti, uilegeze, ishuke pembeni mwa shingo. Vumbi huanguka, halipandi. Wa kuogopwa ni vile vinzi vya matunda, ambavyo hubeba bakteria wa siki. Msimu wa maembe weka chupa mbali na jikoni.

"Joto la Malindi ni faida"

Hamira huzaliana haraka kwenye joto, ndiyo, ila bakteria huitangulia. Lenga nyuzi 20 hadi 25. Mwishoni mwa kaskazi, Februari hadi Aprili, chumba cha mabati hupita 30, na mota ya feni huongeza joto kidogo kupitia kifuniko. Kitambaa kilicholowa hakisaidii sana pwani, kwa kuwa hewa imeshashiba unyevu. Bora chumba cha chini chenye kuta nene za mawe, au nyumba ya makuti, na sanduku litobolewe matundu ubavuni. Maji ya bomba nayo hayatapoza vya kutosha ile sufuria ya kimea kabla ya kutia hamira. Tia barafu kwenye beseni unamoipozea.

Baada ya saa 24 hadi 36 zima, tia chupa kwenye friji siku nzima, umwage maji ya juu, ubaki na tope jeupe. Unapolimimina, shika sumaku ya akiba nje ya kitako cha chupa, kijiti kisije kikatumbukia kwenye ndoo ya bia.