Umri wa makaa ya mawe haupimwi kwa kaboni

Imani hii imekaa miaka mingi, hata miongoni mwa waliosoma: kwamba mtaalamu akitaka kujua umri wa mwamba wowote, huupima kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Haiwezekani. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikipita miaka 50,000 haibaki ya kutosha kupimika. Makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, ni ya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Mashahidi wa umri huo ni chavua na spora, yaani chembe ndogo za uzazi wa mimea. Ganda la chembe ya chavua ni gumu ajabu: mwamba huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo hula hata kioo, na chavua hubaki, tayari kwa hadubini. Katika miamba ya Permi ya pande zetu huonekana chembe zenye mifuko miwili ya hewa ubavuni na michirizi mwilini, za mimea iliyokwisha kutoweka. Chavua ya mimea ya maua haimo. Hiyo ilianza kuonekana kama miaka milioni 135 iliyopita.

Lakini chavua peke yake haitaji idadi ya miaka. Husema tu kwamba tabaka hili ni rika moja na lile. Tarakimu hutoka kwenye majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka, ambamo fuwele za zirkoni hubeba urani, metali yenye mionzi, inayogeuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Na mchunguzi makini hukumbuka kwamba mto unaweza kung'oa chavua ya kale na kuizika upya kwenye tope changa.